Mgonjwa yuko Bukavu, viza inatoka Kinshasa: je, nivuke Rusizi?

"Shikamoo mshauri. Nilizaliwa Bukavu, tukakimbia vita mwaka 1996 nikiwa na miaka minane. Tangu 2009 nina uraia wa Ubelgiji. Mama mdogo aliyenilea anaumwa sana huko Bukavu na nataka kumwona kabla mambo hayajaharibika. Ndugu wananiambia nipande ndege hadi Kigali, niende Cyangugu, nivuke daraja la Rusizi, viza nitalipia palepale. Wengine wanasema niombe viza kwenye ubalozi wa Kongo hapa Brussels. Kaka yangu anasema nisihangaike, nitumie kadi ya mpiga kura niliyoandikishwa nilipokwenda kutembea mwaka 2011, nijitambulishe kama Mkongomani. Nilitaka nimchukue na mwanangu wa kiume, ana miaka 16, hajawahi kumwona bibi yake. Tena Agosti nina harusi ya binamu Kinshasa. Nimesikia amani imetiwa saini. Je, bima ya kawaida ya safari inatosha? Nipitie wapi?"

Marahaba, dada. Pole kwa ugonjwa wa mama yako mdogo. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja, ila nikiyasoma tena naona wasiwasi wako ni wa aina mbili: kuingia Bukavu ukashindwa kutoka, na kutoka Bukavu ukajikuta Kinshasa haikutaki tena. Yote mawili yanaweza kutokea. Kuna njia ya kupunguza hatari, lakini pengine sio hiyo unayoitamani.

Tuanze na viza yenyewe. Ubalozi unapobandika viza kwenye pasipoti, unamwambia afisa wa mpakani: huyu tumemkagua, mpokee. Afisa ndiye mwenye neno la mwisho, na katika siku za kawaida hulipokea lile la ubalozi kwa sababu wote wawili wako chini ya serikali moja. Bukavu mnyororo huo umekatika. Waasi wa M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari. Serikali ya mkoa wa Kivu Kusini ikahamia Uvira, na muungano wa AFC/M23 ukaweka gavana wake na watu wake kwenye ofisi, za mpakani zikiwemo. Ukifika Rusizi leo na viza ya Brussels, unamwonyesha barua ya Kinshasa mtu asiyepokea amri kutoka Kinshasa. Anaweza kuikubali, anaweza kukudai malipo yake juu yake, anaweza hata kukuuliza kwa nini ulianzia huko.

Ndugu zako wanaosema "utalipia palepale" kwa hiyo hawadanganyi. Wanakwambia kinachofanyika dirishani. Wasichokwambia ni kwamba risiti na muhuri utakaopewa pale hautambuliki na serikali ambayo ulimwengu mzima, Ubelgiji ikiwemo, unaitambua kuwa serikali ya Kongo. Kwa mtu anayeingia Bukavu na kurudi zake Ulaya, tofauti hiyo inaweza isionekane kamwe. Kwako wewe mwenye harusi Kinshasa mwezi Agosti, itaonekana mapema sana.

Jiweke kwenye foleni ya uwanja wa ndege wa N'djili, Kinshasa. Afisa wa DGM, idara ya uhamiaji, anafungua pasipoti yako. Anaona mahali pa kuzaliwa: Bukavu. Anaona muhuri wa Rwanda wa kutokea Rusizi, siku kadhaa kimya, halafu muhuri wa Rwanda wa kuingilia Rusizi. Hata kama wale wa upande wa pili hawakugonga chochote, hesabu ya siku hizo haihitaji mtaalamu. Maswali yatakayofuata ni halali kabisa machoni pake: uliingia kwa idhini ya nani, ulikutana na nani, ulimlipa nani. Anaweza kukuachia baada ya dakika kumi, na anaweza kukupeleka kwa watu wa ANR, idara ya ujasusi, ambao hawana haraka. Hali ya kisiasa ni ya moto. Rais mstaafu Joseph Kabila alionekana Goma Mei 2025, na Septemba mwaka huohuo mahakama ya kijeshi Kinshasa ilimhukumu kifo bila yeye kuwepo, kwa uhaini na makosa mengine. Kesi ile ilikuwa na mengi zaidi ya safari, na wewe si Kabila. Nakutajia tu ujue kuwa kuonekana upande ule, machoni pa Kinshasa, hakuchukuliwi kama matembezi.

Usikilize sasa habari ya kadi ya mpiga kura, maana hapa ndipo ninapokuwa mkali. Usiitumie. Iache Brussels, na ikiwezekana usiwe hata na picha yake kwenye simu.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 10, inasema uraia wa Kikongomani ni mmoja na hauchanganywi na mwingine wowote. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema anayepata uraia wa nchi nyingine anaupoteza ule wa Kongo. Ubelgiji kwa upande wake haina tatizo na uraia pacha tangu 2008, na ndiyo maana wengi wa diaspora huko wanaamini wana vyote viwili. Wanavyo mioyoni, kwenye karatasi wana kimoja. Ulipoandikishwa mwaka 2011 ulikuwa Mbelgiji tayari miaka miwili, na kura ya Kongo ni ya Wakongomani. Ukiitoa kadi hiyo leo unatoa ushahidi dhidi yako mwenyewe. Najua kwamba wapo waliopita nayo mara nyingi bila kuulizwa, kwa sababu nchini Kongo kadi hiyo imetumika miaka mingi kama kitambulisho cha kila kitu. Siku za amani, afisa akigundua, mngemalizana kwa faini na aibu. Kwenye kizuizi cha barabarani wakati wa vita, mtu mwenye vitambulisho viwili vya nchi mbili anaulizwa swali moja tu: wewe ni mpelelezi wa nani?

Kuna sababu nyingine ambayo kaka yako hawezi kuijua. Mkataba wa Hague wa mwaka 1930 juu ya uraia uliweka kanuni kwamba nchi haiwezi kumtetea raia wake dhidi ya nchi nyingine ambayo naye ni raia wake. Ukijitambulisha kama Mkongomani, halafu ukakamatwa, unakuwa umempa aliyekukamata jibu la kumpa balozi wa Ubelgiji: huyu ni wa kwetu, hayakuhusu. Ukiingia kama Mbelgiji, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unakupa haki ya kuomba ubalozi wako uarifiwe. Ngao hiyo ni nyembamba mahali penye bunduki nyingi, lakini usiitupe mwenyewe mlangoni. Kama unataka uraia wako wa kuzaliwa urudi, sheria ileile ya 2004 ina njia ya kuurejesha. Hiyo ni kazi ya wakili wa uraia na inachukua muda, usiichanganye na safari hii.

Rwanda nako kuna jambo ambalo sijui kama ndugu zako wamelifikiria. Tarehe 17 Machi 2025 Kigali ilivunja uhusiano wa kidiplomasia na Ubelgiji na kuwapa wanadiplomasia wake saa 48 waondoke. Kuvunja uhusiano hakumaanishi kwamba raia wa kawaida wa Ubelgiji amepigwa marufuku. Maana yake ni kwamba ukipoteza pasipoti Cyangugu, au ukizuiwa, hakuna ubalozi wa Ubelgiji Kigali wa kuukimbilia. Mkataba wa Umoja wa Ulaya unakupa haki ya kusaidiwa na ubalozi wa nchi nyingine mwanachama pale ambapo nchi yako haina uwakilishi, kwa masharti yaleyale ya raia wake. Haki hiyo haijitumii yenyewe. Kabla ya kuondoka, piga simu Wizara ya Mambo ya Nje ya Ubelgiji, uliza ni ubalozi gani utakaokupokea Kigali, andika namba yake kwenye karatasi, si kwenye simu tu.

Halafu viza ya Rwanda: hakikisha ni ya kuingia zaidi ya mara moja. Kosa hili ni la kawaida kuliko yote niliyoyaandika hapa. Mtu anachukua viza ya kuingia mara moja, anatua Kigali, anavuka Rusizi. Alipovuka daraja, viza ile iliisha kazi yake, hata kama tarehe zake zinaonyesha bado wiki tatu. Siku ya kurudi anasimama upande wa Bukavu hana ruhusa ya kuingia Rwanda, na uwanja wa ndege wa Kavumu, ule wa Bukavu, ambao ungekuwa mlango wake wa pili, uliangukia mikononi mwa M23 Februari 2025 na hauna ndege za abiria. Iombe kwa mtandao ungali Brussels, na kwenye maelezo andika ukweli: unamtembelea mgonjwa. Viza ya mpakani ni kwa anayeweza kumudu kukataliwa.

Juu ya amani iliyotiwa saini: ni kweli, marais Tshisekedi na Kagame walisaini Washington tarehe 4 Desemba 2025. Haikupita wiki, wapiganaji wa M23 waliingia Uvira na Burundi ikafunga mpaka wake na Kongo. Waliokuwa wamepanga kutokea Bujumbura walibaki wakitazama lango. Usipange siku ya kurudi kwa kusikiliza taarifa ya sherehe. Panga kwa kuuliza asubuhi ile ile watu wanaovuka daraja kila siku.

Kijana wako abaki. Sitazunguka. Bila shaka ungehitaji idhini ya baba yake iliyothibitishwa na manispaa yenu, na pengine ungeipata, lakini karatasi siyo tatizo. Miaka 16 kwenye kizuizi inaonekana kama askari. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeandika juu ya watu kuingizwa jeshini kwa nguvu katika maeneo yale, vijana wadogo wakiwemo. Bibi yake atamwona kwa simu ya video, au atamwona Rwanda kama nitakavyoeleza hapo chini.

Bima ya kawaida haitoshi. Soma sehemu ya mambo yasiyolipwa; utakuta vita, uasi na machafuko ya kiraia, na mara nyingi sentensi nyingine inayoondoa safari zote zilizofanywa kinyume cha ushauri wa wizara ya mambo ya nje. Ushauri wa serikali haukukatazi kusafiri, wewe si mfungwa, ila kampuni ya bima inausoma kama sharti. Kwa hiyo ukivunjika mguu kwa kuteleza bafuni, jambo lisilohusiana na vita hata kidogo, bado wanaweza kukataa kwa sababu tu ulikuwa Bukavu. Zipo bima maalumu za maeneo ya vita, wanazotumia waandishi wa habari na mashirika ya misaada. Ni ghali. Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi: je, inagharamia kumtoa mgonjwa kwa barabara hadi Rwanda, au inasubiri ndege ambayo haiwezi kutua?

Fedha: benki za Bukavu zilifungwa mji ulipochukuliwa, usitegemee kadi. Beba dola, noti mpya zisizo na mkunjo wala mchaniko, kwa maana Kongo noti yenye kovu dogo inarudishwa. Usibebe nyingi kuliko unazoweza kupoteza. Na simu yako, dada: toka kwenye magrupu ya siasa ya WhatsApp kabla ya kupanda ndege. Vichekesho mnavyotumiana mkiwa Brussels havisomwi hivyo kwenye kizuizi, uwe upande wowote.

Chanjo ya homa ya manjano Kongo inaidai kwa kila mgeni aliyezidi miezi tisa, na Rwanda inaidai kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, maana yake wewe unaporudi. Cheti kinaanza kazi siku ya kumi baada ya sindano. Kama ulichanjwa zamani na kitabu chako cha njano kinaonyesha kimeisha baada ya miaka kumi, tangu Julai 2016 vyeti hivyo vinahesabiwa kuwa vya maisha, vya zamani vikiwemo. Hata hivyo daktari wa kliniki ya wasafiri akione, akupe na dawa za kuzuia malaria. Uliondoka ukiwa mtoto na kinga ya utotoni haikusubiri.

Sasa niseme ningefanya nini mahali pako.

Ningeuliza kwanza kama mgonjwa anaweza kusafirishwa. Watu wa Bukavu na Cyangugu wamevuka daraja hilo maisha yao yote. Kwa wakazi wa mpakani kuna jetoni, yaani kikaratasi cha kuvukia, na vibali vya CEPGL, jumuiya iliyoundwa na Kongo, Rwanda na Burundi mwaka 1976, na kwa mama yako mdogo kuvuka kwenda Rwanda kunaweza kuwa rahisi mara kumi kuliko wewe kuvuka kwenda kwake. Kamembe kuna hospitali ya Gihundwe. Akihitaji zaidi, kuna hospitali kubwa Kigali, ila jetoni ni ya eneo la mpakani na kufika Kigali kunahitaji hati kamili ya kusafiria. Ndugu yako mmoja aende dirishani upande wa Rwanda aulize ni hati gani wanayoipokea leo kwa mgonjwa na msindikizaji wake. Ukikutana naye huko, hukuingia Kongo. Pasipoti yako haina pengo la siku za kuelezea, harusi ya Agosti inabaki salama, bima ni rahisi zaidi, na hata kijana anaweza kuja. Utatumia pesa nyingi kwa malazi na matibabu. Huenda zisizidi zile ambazo ungelipa kwa bima ya vita.

Kama hawezi kuinuka kitandani, basi una uchaguzi, na nauona ni mmoja: Bukavu au Kinshasa, usilazimishe vyote viwili kwa mpangilio huo. Laiti harusi ingetangulia ningesema nenda Kinshasa kwanza kwa viza ya ubalozi, kisha Bukavu, kisha nyumbani. Hata hapo usitegemee njia ya mkato, kwani Kongo ilifunga anga lake kwa ndege za Rwanda Februari 2025 na ungezungukia Nairobi, Addis Ababa au Entebbe. Lakini ugonjwa haungoji Agosti. Ukiamua Bukavu, samehe harusi. Video yake utaiona, na binamu atakuelewa.

Na ukiamua Bukavu, bado ningekushauri uombe viza ya Kongo Brussels kabla ya kwenda, pamoja na barua ya mwaliko iliyohalalishwa na cheti cha daktari wa mama yako mdogo. Andika kwenye maombi kwamba unakwenda Bukavu. Wanaweza kukunyima kwa sababu hiyo, na wakikunyima usivuke, kwa sababu utakuwa umeingia nchi iliyokukatalia kwa maandishi. Wakikupa, huna uhakika nayo Rusizi, lakini una karatasi inayothibitisha kwamba uliomba ruhusa kwa mwenye nchi. Siku utakayoulizwa N'djili, mwaka huu au mwaka kesho, utaeleza ukweli wote ukiwa na kitu mkononi. Usifiche muhuri, usirarue ukurasa, usidanganye umekwenda wapi. Uongo kwa afisa wa uhamiaji unageuza safari ya kumwona mgonjwa kuwa kosa la jinai.

Kuna watu watatu wa kuwaona ana kwa ana kabla ya kukata tiketi, maana mimi nimesoma aya chache tu za maisha yako. Wa kwanza ni wakili wa uraia, umweleze habari ya kadi ya 2011, kwa sababu akisema jina lako bado liko kwenye daftari la wapiga kura hilo linabadilisha hata ombi la viza. Wa pili ni afisa wa kitengo cha konsula katika ubalozi wa Kongo. Nenda mwenyewe, usimtume mtu wa kati anayeahidi viza ya siku moja. Wa tatu ni daktari wa kliniki ya wasafiri. Safari yenyewe iandikishe kwenye Travellers Online, mfumo wa wizara ya Ubelgiji, ukitaja Cyangugu na Bukavu kwa majina, na umwachie mtu mmoja Brussels nakala ya pasipoti yako, namba ya ndugu upande wa Rwanda, na saa ambayo ikipita bila wewe kupiga simu ataanza kuwatafuta wizarani.